Shajara ya Prado: A/T au M/T kwa Great Central Road

Machi 9, km 142,310

Nimepiga magoti uani, kipimo cha meno ya tairi mkononi. Ya mbele yamebaki milimita 4, ya nyuma 3.5. Sheria ya hapa Australia inataka yasishuke chini ya 1.5, kwa hiyo kwa mizunguko ya mjini Perth yangenisogeza hadi Krismasi. Lakini namba ya DOT ubavuni inasoma 3117, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2017, na pembeni yake kuna nyufa ndogo ndogo kama za kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi kizima. Matairi haya hayaondoki kwenye lami.

Safari ni Julai. Perth hadi Laverton ni lami, kama kilomita 950. Kuanzia hapo ni Great Central Road, kilomita kama 1,130, sehemu kubwa vumbi jekundu, hadi Yulara, jirani ya lile jabali la Uluru. Tunakwenda na gari mbili: yangu ni Prado 150 ya 2016, dizeli ya lita 2.8, ya pili ni Hilux ya jirani yangu, mtu wa Bukavu. Shajara hii ni ya matairi tu. Mambo ya friji, hema na betri ya pili mke wangu anayaandika kwenye daftari lake, na ni heri yabaki huko.

Machi 16

Niseme ukweli tangu mwanzo: moyo wangu uko kwenye M/T, tairi la matope. Kabla ya kuhamia huku niliendesha watalii miaka tisa Kanda ya Kaskazini, na anayeijua Ndutu mvua za masika zinaposhuka anajua ninachosema. Udongo mweusi wa mbuga hauzami tu, unashika. Unajaza meno ya tairi, kisha unajaza madigadi, mwisho gurudumu linagoma kuzunguka na gari linakwenda upande kama sabuni kwenye sahani. Nimewahi kuuchokonoa kwa panga na ncha ya spana, huku wageni sita wakinipiga picha kutoka juu ya paa. Siku hiyo niliapa kwamba nikipata gari langu mwenyewe, litavaa meno makubwa kuliko yote dukani.

Nimempigia mjomba Arusha, ndiye aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Huko Ulaya hamjambo?"

Nimeshachoka kumweleza kwamba Australia si Ulaya. Nikamwuliza habari ya matairi. Akacheka. "Nyika ni nyika tu, mjomba. Weka ya matope ulale usingizi."

Jirani naye kaniambia hivyo hivyo, na yeye ameshaagiza. Mimi kinachonichelewesha ni bei. M/T moja inazidi A/T, tairi la ardhi zote, kwa dola 70, nami nataka sita: nne chini, spea mbili.

Machi 24

Leo nimefanya jambo ambalo ningelifanya wiki mbili zilizopita. Nimekaa na ramani, taarifa za hali ya barabara na karatasi ya vibali (barabara inapita kwenye ardhi ya Wenyeji Asilia, na kila jimbo lina kibali chake), nikajiuliza swali la kitoto: matope yako wapi?

Kwa sehemu kubwa hayapo. Upande wa Western Australia ni kokoto na udongo mwekundu uliojikunja kama bati. Ukivuka mpaka kuingia Northern Territory, karibu na Docker River, mchanga unazidi na bati linakuwa baya zaidi. Kuna mawe, kuna visiki vya mulga (mti wa jamii ya mgunga), kuna mashimo yaliyojaa vumbi laini kama unga wa sembe. Mvua ikinyesha, kweli udongo unateleza. Lakini ikinyesha, barabara inafungwa. Kibao kinawekwa, taarifa inatoka, na ukikutwa ndani una faini. Sababu yao inaeleweka: gari moja likipita kwenye udongo uliolowa linaacha mifereji, jua linaikausha ikawa saruji, na lori la chakula la vijiji vya mbele linakuja kuvunjia springi hapo.

Kwa hiyo tairi la matope ninalolitaka ni la matope ambayo siruhusiwi kuyakanyaga. Nimeandika sentensi hiyo kwenye bahasha ya bili ya umeme nikaibandika kwenye friji, maana najijua.

Sisemi Australia haina matope. Magharibi mwa Queensland kuna udongo mweusi ambao ni ndugu wa tumbo moja na ule wa Ndutu. Lakini hata huko wenyeji wanakuambia ukilowa hata M/T hujaa, meno yakapotea, ukabaki unaendeshea maandazi manne. Dawa yao ni kuweka chai jikoni na kusubiri.

Aprili 6

Nimeshinda uani kwa muuza matairi na mizani ya bafuni. Yeye alitaka kuniuzia M/T, na simlaumu, mwamba ngoma huvutia kwake. Saizi ni ile ile ya kiwandani, 265/65R17.

Tairi langu la zamani na upepo umetolewa: kilo 17. A/T ya daraja la LT, yaani la magari ya mizigo: 21. M/T: 25. Kilo nane kwa gurudumu moja si utani. Huo ni uzito usiobebwa na springi. Ni shokomzoba na bushi zinazoumia kila gurudumu linaporuka kwenye bati, na barabara yetu ni bati zaidi ya kilomita elfu moja.

Meno: A/T milimita 12, M/T 15. Ukiziweka pamoja tofauti unaiona bila kipimo. M/T ina vitofali vikubwa vilivyoachana, kidole gumba kinaingia katikati kikacheza. Nafasi hizo ndizo zinazotupa matope nje gurudumu linapozunguka kwa kasi. Kwenye lami iliyolowa nafasi hizo hizo ni hasara, kwa sababu mpira unaogusa chini ni mchache na breki inakwenda mbali. A/T vitofali vyake vimekaribiana, na juu ya kila kitofali kuna mikato myembamba kama ya wembe, inayoshika lami ya mvua.

Sasa ubavu, na hapa nakiri M/T imenishinda kwa hoja. Nilibonyeza kwa magoti. Ubavu wa M/T ni mnene na umevaa meno hadi pembeni. Wa A/T ni mgumu pia, lakini ukilinganisha unaona aliyekula ugali na aliyekunywa uji. Kisiki cha mulga hakichomi katikati ya tairi, kinachoma ubavu. Jambo hili nimeliandika kwa wino mwekundu.

Namba ya mzigo: langu la zamani ni 112, kilo 1,120. La LT ni 120, kilo 1,400. Watu husoma hapo wakafurahi, wasikumbuke kwamba kilo hizo 1,400 tairi la LT linazibeba kwa upepo mwingi. Ukiliwekea upepo ule ule wa tairi la zamani, linabeba pungufu ya unavyodhani.

Muuzaji akajaribu tena: "Chukua 265/70, gari linasimama vizuri." Nilipiga hesabu pale pale kwenye simu. Kipenyo kinatoka milimita 776 kwenda 803, asilimia 3.4. Dashibodi ikisoma 100 kwa mahesabu ya kiwandani, gari linakwenda 103. Hapana.

Nimechukua A/T sita. Jirani alikuwa pale kuchukua M/T zake. Akanitazama kwa huruma: "Yaya, uko unaogopa makelele tu." (Yaya kwao ni kaka mkubwa.)

Aprili 20, km 143,640

Zimefungwa, lakini siku imeharibika nusu.

Nyumbani, kabla ya kuweka gari kivulini, nilizunguka nikisoma DOT moja moja. Tano ni za mwaka jana. La sita, waliloliweka kwenye mlango wa nyuma kama spea, lina miaka minne zaidi. Jipya kwa macho, nywele zake za kiwandani bado zipo, lakini limekaa stoo likizeeka. Nililirudisha. Kijana wa kaunta akasema spea haiumi. Nikamwambia spea ndiyo itakayonitoa Warburton, katikati ya nyika, nikasimama pale hadi meneja akaja akabadilisha. Sitaji duka, mwishowe walitenda haki.

Jambo la pili: nati zote zilikazwa kwa mashine ya upepo mpaka mwisho. Nilipojaribu kulegeza kwa wilispana ya gari ilibidi nipande juu yake kwa miguu miwili. Hebu fikiria mke wangu kando ya barabara na jeki. Nimezilegeza zote nikazikaza upya kwa spana ya kipimo, na nitazirudia baada ya kilomita 100.

Mei 18, km 145,480

Mwezi mmoja wa lami. Kelele za A/T ni mvumo mdogo kuanzia kasi ya 80, redio inaufunika. Dizeli imepanda kutoka lita 9.4 kwa kilomita 100 hadi 10.1.

Nimepanda Hilux ya jirani kwenda Fremantle. Inalia kama ndege inayokimbia kwenye njia yake bila kuruka. Kwenye mzunguko uliolowa tuliteleza kidogo, naye akasema ni mafuta barabarani. Sikumjibu. Dizeli yake imetoka 10.2 ikafika 11.6. Na umbali kati ya vituo vya mafuta tunakokwenda unafika kilomita 300 hivi, kwa hiyo si suala la pesa tu. Prado ina tangi la lita 150, mimi sina wasiwasi. Yeye ameongeza madumu mawili.

Juni 15, km 147,020, Lancelin

Siku ya mchanga. Lancelin iko kaskazini ya Perth na ina vilima vyeupe vya mchanga ambavyo watu huenda kuteleza kwa mbao.

Kabla ya kutoka nyumbani nilimwaga unga wa ngano kwenye sakafu ya gereji, nikapandisha gurudumu juu yake, nikarudisha gari. Upepo ukiwa psi 38, alama ya tairi ina urefu wa sentimita 19. Nikapunguza hadi 18: sentimita 30. Upana haukubadilika sana. Hiyo ndiyo siri nzima ya mchanga: tairi linarefuka, si kupanuka, linakuwa kama mkanda wa trekta. Mke wangu anauliza nani atafagia.

Kwenye vilima tulianza sote na 18. Prado ilipanda. Hilux ilipanda nayo, lakini kila alipokanyaga mafuta ikianza kuzama, meno yake yalichimba kama jembe, na kufumba na kufumbua ekseli imelala juu ya mchanga. Tulimtoa mara mbili. Mara ya tatu alishuka hadi 14 na kukanyaga taratibu, akapita bila shida. Niandike kwa haki: M/T mchangani si mbaya, inataka mguu wenye adabu tu. Jirani yangu mguu wake bado uko kwenye milima ya Kivu.

Julai 7, km 148,850, Laverton

Lami imeishia hapa. Tumeshusha upepo: mimi 28 mbele na 30 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kuna mzigo.

Kanuni tunayofuata ni ya waendeshaji wa huku. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Likiongezeka psi 4 hivi, uko sawa. Likizidi hapo, ulianza na upepo mdogo mno, au unakimbia, au umebeba kupita kiasi: ubavu unajikunja sana, unachemka. Lisipofika 4, upepo ni mwingi na kila jiwe linapiga kama nyundo. Kwa matairi ya LT wengine huruhusu hadi 6. Joto ndilo linaloua matairi nyikani kuliko mawe. Mpira ukichemka unalegea, na kijiwe ambacho asubuhi ungekiruka jioni kinaingia.

Kipimo cha saa moja: nimepanda 5. Jirani kapanda 8. Nikamwomba apunguze kasi kutoka 95 hadi 75. Akakubali kwa shingo upande.

Julai 8, baada ya kituo cha mafuta cha Tjukayirla

Bati, bati, bati. Kando ya barabara kuna magari yaliyotelekezwa, mengine yamechomwa moto, yamelala kifudifudi kwenye mchanga mwekundu bila magurudumu. Ngamia pia wapo, wale wa mwituni, wazao wa waliotumika kubeba mizigo karne ya 19. Mmoja alitutazama kwa dharau ile ile ya ngamia wa Moyale.

Saa nane mchana lori lenye matrela lilikuja likiwa limefunika upeo wote kwa vumbi. Nikasogea pembeni, nje kabisa ya tuta la kokoto, nisimame lipite. Nilisikia kishindo kidogo, kama mtu amevunja kijiti. Kisha mluzi.

Kisiki cha mulga, kirefu kama kidole cha kati, kilichofichwa na majani ya spinifeksi. Kimeingia ubavuni, nyuma kushoto, sentimita nne juu ya rimu. Tundu lenyewe dogo, dole gumba linaliziba. Lakini ubavu hauzibwi kama pancha ya katikati; ule uzi wa kuzibia unaweza kukufikisha kambini, si zaidi. Tulibadilisha kwa dakika 25. Nati zilifunguka kwa mkono, na mke wangu ndiye aliyezifungua, niliandika Aprili nikijua nafanya nini.

Jirani alisimama juu yangu mikono kiunoni. Magurudumu yake ya kushoto yalikanyaga pembeni pale pale, mita mbili nyuma yangu. Ubavu wake una mkwaruzo mweupe na basi. Hakusema neno, na kutosema kwake kulikuwa kurefu.

Jioni nilikagua matairi yake kwa tochi. Katikati, vitofali sita vimenyofoka pembe kwenye kokoto, vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Yangu yana michubuko lakini hayajakatika. Nimempigia picha akazitazama. Alisema, "Itaota tena."

Julai 10, Warakurna

Mvua. Ilianza saa tisa usiku, ikapiga hema kwa saa mbili hivi, si kubwa. Asubuhi barabara imefungwa pande zote.

Kwa hiyo tumeegesha. Prado yenye A/T na Hilux yenye M/T, bega kwa bega mbele ya duka la mafuta, zote zimesimama kimya, matope yale tuliyoyazungumza tangu Machi yakimeta mita hamsini mbele yetu. Jirani aliyatazama sana. Alikwenda hadi ukingoni, akakanyaga kwa buti, buti likarudi zito mara tatu.

"Yaya, hii ningepita."

"Ungepita."

Tukaenda kuagiza chai. Karibu na hapa kuna kituo cha hali ya hewa cha Giles, kilichojengwa 1956, na kila siku hurusha puto la kupimia anga. Tulilitazama likipaa hadi likawa nukta. Watoto wa jirani wamejifunza kucheza kriketi na watoto wa kijiji. Mzee mmoja wa lori la chakula amelala chini ya trela lake, kofia usoni, bila haraka yoyote duniani.

Julai 11, jioni

Imefunguliwa saa sita mchana. Tumefika Docker River. Bati la upande huu limefungua skrubu za rafu zangu za nyuma na kutikisa bolti ya spea ya Hilux. Nimekwenda na upepo 24 kwa sababu ya mchanga, kasi 60. Kesho ni kilomita 230 na kidogo.

Julai 12, km 149,984, Yulara

Lami. Tumejaza upepo kwa kompresa, foleni ya magurudumu manane, saa nzima. Kata Tjuta, vile vilima vya mawe, inaonekana tangu mbali kama mafungu ya nyanya zilizoiva sokoni.

Vipimo: A/T zangu zilianza 12, sasa mbele 10.9, nyuma 10.6. M/T za jirani zilianza 15, sasa zina 13.1, na vitofali vilivyochanika nimehesabu 17. Dizeli ya kokoto: mimi 12.8, yeye 14.9. Pancha: mimi moja, yeye hakuna. Tairi lililochomwa limefungwa juu ya paa, linarudi Perth kwenda kutupwa. Natafuta moja la kujazia la DOT ya mwaka huu, na safari hii nitalisoma kabla ya kulipa.

Nimemtumia mjomba picha ya kisiki. Amejibu kwa sauti, dakika nne. Tatu za kwanza ni za kuniambia alinionya. Ya mwisho anauliza kama ngamia wale wana mwenyewe.

Jirani mwakani anataka kwenda Cape York, kaskazini kabisa ya Queensland, ile njia ya zamani ya simu yenye vivuko vya mito na ngazi za udongo. Huko matope hayafungiwi kibao kila mara, na nadhani M/T zake zitamlipa jasho lake. Ameniuliza kama nitakwenda na Prado. Nimemwambia nitakwenda, ila nitakaa kwenye kiti cha abiria, ndani ya Hilux, na viziba masikio.